Folda ya Chumba cha Kumi na Saba

Asubuhi ya kwanza ya skripti mpya, Tusekile alifika kazini saa kumi na mbili na robo. Aliandika neno moja kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe, akakaa kusubiri. Sekunde arobaini na moja baadaye kazi ilikuwa imekwisha. Vyumba sitini na viwili vya Nyumba ya Lugano vilikuwa vimepata picha zake zote na sauti zake zote.

"Arobaini na moja," alisema Bi. Aneth, msimamizi wa kitengo, aliyekuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. "Mzee Gwakisa alikuwa anatumia saa tatu."

"Na siku za mvua, umeme ukicheza, saa nne."

Bi. Aneth alimgusa bega, akaenda zake akiwa anatabasamu. Tusekile alibaki anaitazama skrini. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini asubuhi hiyo alijisikia vizuri.

Nyumba ya Lugano ilijengwa juu ya mashamba ya chai, milimani Rungwe, kwa ajili ya watu wanaopoteza kumbukumbu. Hakuna aliyeamka pale akajikuta ugenini. Kuta zilifumwa kwa nyuzi zinazotoa mwanga, na kila mkazi aliona ukutani kwake nyumba aliyoitoka: sebule yake, kabati lake la vyombo, watoto wake, dirisha lake na migomba iliyo nje ya dirisha hilo. Kila ukuta ulifuata faili la mtindo, yaani orodha ya maagizo: rangi hii hapa, picha ile pale, jua liingie upande huu, majina ya watu yaandikwe kwa herufi za ukubwa huu. Jioni manesi waliandika yaliyohitaji kurekebishwa, na asubuhi, kabla wakazi hawajaamka, mtindo ulisukwa upya.

Kusuka kulianza kwa kufuta folda yote ya jana, ili picha ya zamani isije ikabaki ukutani. Shida ni kwamba programu ya kusukia ilishughulika na maagizo tu. Picha na sauti haikuzigusa. Ilibidi mtu azinakili kwa mkono, folda baada ya folda, kutoka kwenye ghala la kila mkazi kwenda kwenye ukuta wake. Kwa miaka tisa mtu huyo alikuwa Mzee Gwakisa. Macho yake yalipoingia ukungu alistaafu, na Tusekile akaandika skripti, mistari kumi na minne ya kuiagiza kompyuta ifanye kazi yake. Mistari hiyo ilisema, kwa kifupi: soma orodha ya kila mkazi, nakili kila kilichomo, usiache kitu.

Saa moja na dakika tano simu ya mezani ililia. Alikuwa Mbonile, nesi wa zamu.

"Dada Tuse, njoo kumi na saba. Njoo sasa hivi."

Chumba cha kumi na saba kilikuwa cha mama yake.

*

Bi. Ikupa alikuwa amesimama katikati ya chumba na nguo ya kulalia, kandambili moja mguuni. Kwa miaka miwili ukuta ule ulikuwa ukimwonyesha sebule ya nyumbani kwao Kiwira na kijana mrefu aliyeegemea pikipiki, anacheka. Sasa ulionyesha uwanja uliojaa watu. Viti vya plastiki. Turubai la buluu lililolegea kwa maji ya mvua. Jeneza lililofunikwa kitambaa cha zambarau, na kwaya inaimba kwa sauti ya chini. Juu ya yote kulikuwa na jina kwa herufi kubwa, Lwitiko Mwakalobo, na mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa, kistari katikati.

Bi. Ikupa alikuwa amefundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na moja. Mengi yalikuwa yamemtoka, lakini kusoma hakukumtoka. Alikuwa anapitisha kidole kwenye lile jina, herufi moja moja.

"Hapa pameandikwa amekufa," alisema.

"Bibi, kaa kwanza," Mbonile alimwambia. "Kaa nikuletee maji."

Aligeuka. Alimwona Tusekile mlangoni. Kwa miaka miwili alikuwa anamwita nesi, na siku nyingine binti wa jirani. Jina lake hakulitaja hata mara moja.

"Tusekile," alisema. "Mdogo wako amekufa, na hamkuniambia."

Tusekile hakujua amlilie nani kwanza. Alimshika mama yake, wakakaa wote wawili sakafuni, na Bi. Ikupa akalia kama mtu aliyepata habari saa ile ile, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Aliuliza ni lini. Aliuliza ni wapi. Aliuliza nani alimwosha, na kama siku hiyo alikuwa amekula.

Tusekile alijibu yote. Ni miaka sita sasa. Mlima uliporomoka wakati wa mvua za masika, ukaifukia barabara na Lwitiko akiwa juu ya pikipiki. Alikuwa amekula ndizi na maharage kwa shangazi yake.

"Na mimi nilikuwepo?"

"Ulikuwepo, mama. Wewe ndiye uliyemfunika."

Nusu saa baadaye uwanja wa msiba ulififia wenyewe, sebule ya Kiwira ikarudi. Bi. Ikupa alilia mpaka akachoka, akalala. Alipoamka saa nne aliwatazama Tusekile na Mbonile kwa uso mtulivu uliovimba.

"Nesi," alimwambia binti yake, "uji upo?"

*

"Ni hitilafu," Tusekile alimwambia Bi. Aneth ofisini. "Nimenakili kitu kisichotakiwa. Naomba uifungue folda yake uniambie."

Kulikuwa na sheria kwamba mfanyakazi hafungui faili la ndugu yake. Skripti ilipita vyumba vyote bila kumwonyesha mtu kilichomo. Bi. Aneth aliigeuza skrini upande wake, akasoma kwa muda mrefu kuliko Tusekile alivyotarajia.

"Si hitilafu," alisema. "Mtindo wa mama umeagiza hiyo folda tangu siku aliyoingia. Kila siku saa moja asubuhi, kwa nusu saa. Folda inaitwa Msiba."

"Mbona hatukuwahi kuiona ukutani?"

"Haikuwa inanakiliwa. Rekodi inaonyesha ilinakiliwa mara moja tu, siku ya kwanza. Baada ya hapo haikunakiliwa tena."

Tusekile alielewa bila kuelezwa. Ukuta usipoikuta picha uliyoagizwa hauulizi wala haupigi kelele. Unaruka kwenda picha inayofuata. Kila siku, saa moja asubuhi, ukuta wa mama yake ulikuwa umeutafuta ule msiba, ukaukosa, ukamwonyesha pikipiki.

"Nani ameagiza iwekwe?"

Bi. Aneth alisita. Kisha akabonyeza, na sauti ya Bi. Ikupa ikajaa ofisini. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya darasani, iliyonyooka.

"Naitwa Ikupa Mwakalobo, mwalimu mstaafu. Nina akili zangu timamu, na daktari yuko hapa, ni shahidi. Huu ndio wasia wa kuta zangu. Msinifiche mwanangu. Mama yangu mzazi alizika watoto wanne, na uzeeni akawasahau wote. Sisi tukasema afadhali asahau, apumzike. Alipokufa hakubaki mtu wa kuwalilia wale wanne, hata majina yao siyajui vizuri. Mimi sitaki hivyo. Nikisahau, niambieni. Nikisahau tena, niambieni tena. Nionyesheni asubuhi, akili ikiwa bado haijachoka. Hata kama nitalia. Ni mwanangu, na kumlilia ni haki yangu."

Nje mtu alikuwa anafyeka majani.

"Kisheria siwezi kuitoa," Bi. Aneth alisema. "Mwenye uwezo wa kuitoa ni yeye, akiwa na akili timamu."

"Na hana tena."

"Hana tena. Pole, Tusekile."

*

Mzee Gwakisa aliishi nyuma ya soko la Tukuyu, katika nyumba ndogo iliyojaa redio mbovu alizokuwa anatengeneza kwa kupapasa. Alikuwa anasubiri zamu yake ya kupasuliwa jicho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Hiyo sauti ni ya Tusekile." Aliweka bisibisi chini. "Skripti imefanya kazi."

"Imefanya."

"Imenakili yote."

"Yote."

Mzee alifuta mikono yake kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Ile siku ya kwanza nilinakili kama nilivyoagizwa," alisema. "Halafu nikapita vyumbani kukagua rangi, kama desturi yangu. Nikamkuta. Mwanangu, nimezika mke na nimezika kaka, lakini sijawahi kuona vile. Siku ya pili nikafika kwenye hiyo folda, mkono ukakataa. Nikasema leo naiacha, kesho nitainakili. Kesho yake nikasema hivyo hivyo."

"Siku mia saba."

"Sikuzihesabu."

"Ungeniambia, Mzee. Mimi ni mwanawe."

"Ningekuambia, ungekuwa unaamka kila siku na kuamua. Niliona afadhali dhambi iwe yangu." Alikikunja kile kitambaa. "Najua alichokisema kwenye wasia. Niliusikiliza. Sikufanya kwa kutojua."

Tusekile alikuwa amekuja na hasira, lakini njiani ilikuwa imemwishia. Alikaa kwenye stuli.

"Ameniita jina langu," alisema. "Alipouona ule msiba. Aligeuka, akaniita Tusekile. Miaka miwili hajaniita."

Mzee Gwakisa aligeuza uso kuelekea ilipotoka sauti.

"Hilo sikulijua," alisema. "Siku ile wewe hukuwepo pale. Ulikuwa bado hujaajiriwa." Alipapasa meza mpaka akaikuta tena bisibisi, lakini hakuitumia. "Kama ningelijua, sijui ningefanya nini. Sitakudanganya."

*

Kwa siku tisa zilizofuata Tusekile hakuigusa skripti. Alijiambia kwamba anaheshimu wasia. Kila siku, saa moja kasoro dakika tano, alikuwa mlangoni pa chumba cha kumi na saba, anasubiri.

Kila siku ilikuwa vile vile. Uwanja ulitokea, kwaya ikaanza, kidole cha mama kikapita kwenye herufi. Kilio cha kwanza kilikuwa kibaya, na hakuna siku kilipopungua. Lakini baada ya kile kilio alikuja mama yake. Huzuni ilimwamsha mzimamzima, akawa Bi. Ikupa wa Kiwira, mwenye macho makali na ulimi mwepesi. Siku ya tatu alimgombeza Tusekile kwa kusuka nywele zinazovuta ngozi ya paji la uso. Siku ya tano alimuuliza kama yule mume aliacha ulevi. Tusekile alimwambia walikwisha kuachana, na mama akasema, "Vizuri. Sikukwambia tu, lakini sikumpenda tangu posa." Siku ya saba alisimulia jinsi Lwitiko, akiwa na miaka minne, alivyoficha kuku aliyekusudiwa kuchinjwa ndani ya kabati la nguo, na kuku akataga humo. Walicheka wote wawili huku machozi bado yanawatoka.

Siku ya nane Tusekile alivaa gauni la kijani ambalo mama yake alimshonea zamani.

"Bado linakutosha," mama alisema, akalishika upindo. "Basi huli vizuri."

Zilikuwa dakika arobaini hivi kwa siku. Halafu uchovu, usingizi, na kisha: nesi, uji upo?

Siku ya tisa, Mbonile alimsubiri kwenye korido.

"Dada Tuse, naomba nikuambie kitu usikasirike."

"Sema."

"Mama amepungua kilo tatu. Presha yake ya asubuhi daktari haipendi. Lakini si hilo tu." Mbonile alikuwa kijana mpole asiyependa kumtazama mtu usoni, lakini sasa alimtazama. "Wewe ukishaondoka, mimi ndiye ninayebaki naye. Anaamka macho yanamuuma, kifua kinamuuma, na hajui kwa nini. Ananiuliza, nesi, nimelia nini? Siku nzima. Jana aliniuliza kama kuna mtu anayempiga. Aliniuliza kwa kuninong'oneza, kama vile huyo mtu ni mimi."

Tusekile aliegemea ukuta.

"Ni wasia wake, Mbonile."

"Naujua wasia. Bi. Aneth alinieleza. Sikuulizi habari za wasia." Alishusha sauti. "Nakuuliza wewe. Unakuja kumfariji, au unakuja kuitwa jina?"

Alitaka kumjibu kwa ukali. Aliinama akaona lile gauni la kijani, alilolivaa tena siku hiyo, akaona aibu.

*

Siku ya kumi alingoja mpaka kilio kikatulia. Walikuwa wamekaa kitandani, mama ameshika mkono wake.

"Mama, nikuulize jambo."

"Uliza."

"Hizi picha za msiba. Ukiziona unaumia sana. Halafu unasahau, na kesho unaumia upya kama ndiyo kwanza. Unasahau kilio, lakini mwili hausahau. Nikiziondoa, utanisamehe?"

Bi. Ikupa aliuachia mkono wa binti yake.

"Usithubutu," alisema. "Nani atamlilia?"

"Mimi nitamlilia."

"Wewe?" Alimtazama kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akitazama daftari la mwanafunzi. "Wewe tangu utoto hulii. Hata pale uwanjani, angalia, kila mtu analia, wewe umebeba sufuria."

Tusekile alitazama ukutani. Ilikuwa kweli. Nyuma ya jeneza, pembeni, alikuwepo yeye, kijana zaidi, amebeba sufuria la wali, uso mkavu. Miaka sita alikuwa amebeba sufuria.

"Nitalia, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku. Saa moja asubuhi, kama ulivyotaka."

Mama hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Kope zilikuwa zimeanza kumlemea. Alijilaza, akavuta blanketi mpaka kidevuni.

"Alikuwa anapenda ndizi za kuchoma," alisema. "Usisahau na hilo."

Mchana ule, baada ya chakula, Tusekile aliifungua skripti. Aliandika mstari wa kumi na tano: folda inayoitwa Msiba isiende chumba cha kumi na saba. Akaandika wa kumi na sita: ipelekwe kwenye ukuta wa majaribio, wa nyuzi zile zile, uliokuwa sebuleni kwa Tusekile mwenyewe, saa moja asubuhi, kwa nusu saa. Alisoma mistari yote miwili mara nne. Hakuna alichokuwa amekifanya maishani mwake kilichokuwa kifupi hivyo na kigumu hivyo. Kisha akachapisha karatasi yenye mistari hiyo na maelezo ya yote yaliyotokea, akaipeleka ofisini kwa Bi. Aneth.

Bi. Aneth alisoma, akavua miwani.

"Ungenyamaza, nisingeijua."

"Najua."

"Aliyekataza ni yeye mwenyewe, Tusekile. Na leo tena amekukataza, umeandika hapa."

"Nimeandika kila kitu."

"Nitalazimika kuipeleka kwenye kamati. Wanakaa tarehe ishirini. Wanaweza kukufukuza. Wanaweza pia kuirudisha folda."

"Na kabla ya tarehe ishirini?"

"Kabla ya kamati kuamua, hakuna anayeruhusiwa kubadilisha kitu." Aliikunja ile karatasi, akaiweka ndani ya faili. "Hata mimi."

"Sijui kama nimefanya haki," Tusekile alisema.

"Mimi pia sijui," alisema Bi. Aneth. "Nenda nyumbani mapema leo."

*

Asubuhi iliyofuata, saa moja kamili, uwanja wa msiba ulitokea sebuleni kwa Tusekile. Alikuwa amejiandaa kujilazimisha, kwa kuwa aliahidi, lakini hakuhitaji. Kwaya ilipofika ubeti wa pili alijikuta amepiga magoti mbele ya ukuta, analia kwa sauti aliyokuwa haijui, mpaka jirani akaja kugonga mlango kuuliza kulikoni.

"Mdogo wangu amekufa," alimwambia.

Jirani aliingia, akavua viatu, akakaa naye.

Alifika Nyumba ya Lugano saa nne. Katika chumba cha kumi na saba jua la Kiwira lilikuwa limejaa ukutani. Bi. Ikupa alikuwa amekaa kitini, nywele zimechanwa, anamenya ndizi. Bakuli la uji pembeni yake lilikuwa tupu.

"Karibu, nesi," alisema. "Leo nimelala vizuri sana."

"Nashukuru kusikia hivyo, mama. Umekula?"

"Nimekula, ndaga, asante. Mwanangu anakuja Jumapili, yule pale mwenye pikipiki. Akija nitamwambia mnavyonitunza." Alimkatia nusu ya ndizi, akampa. "Mbona macho yako mekundu? Umefiwa?"

Tusekile alikaa kwenye kiti cha wageni.

"Ndiyo, mama. Nimefiwa na mdogo wangu."

"Pole, mwanangu. Pole sana." Bi. Ikupa aliacha kumenya. Alionekana kuumia, lakini ni maumivu ya kumwonea mtu mwingine huruma, ambayo hupita. "Na mama yenu yuko hai?"

"Yuko hai."

"Anajua?"

Tusekile aliishika ile nusu ya ndizi kwa mikono yote miwili.

"Alikuwa anajua," alisema. "Sasa nimemficha."

Bi. Ikupa alifikiri. Ukutani Lwitiko alicheka, pikipiki yake inang'aa, migomba ikitikisika nyuma yake.

"Mama hafichwi mwanawe," alisema hatimaye, kwa upole. "Lakini wewe unamjua mama yako, mimi simjui. Ukienda kwake, mpe pole zangu."

"Nitampa."

"Mwambie ni mwalimu Ikupa."

"Nitamwambia, mama," alisema Tusekile, akala ndizi yake yote, kwa sababu mama yake alikuwa anamwangalia.